He came to... wapi? Ujumbe wa Kiingereza ulioigawa familia yetu Baraka

Habari zenu wakuu, mlioko kazini na mliojilaza mnasoma kwa mwanga wa simu.

Hiki ninachoandika kilitokea nyumbani kwetu, sikusimuliwa na mtu. Majina tu nimebadilisha. Mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Niko Baraka, wilaya ya Fizi, Kivu Kusini, upande wa Congo. Kiswahili changu kilikulia kambini Kigoma, halafu nikarudi nacho kwetu, kwa hiyo mkiona kinayumba msishangae. Watu wa nyumbani nitawaacha waongee kama wanavyoongea.

Kazi yangu ni kufundisha Kiingereza. Nina darasa la jioni nyuma ya kanisa moja, mabenchi machache na ubao uliopasuka kona. Wanafunzi wangu ni motari (yaani bodaboda), wauza unités (vocha) za simu, na wasichana wanaotafuta kazi kwenye mashirika. Huku msomi ni mtu wa Kifaransa. Kiingereza ni cha sisi tuliotoka kambini, ndiyo maana mtaani naitwa Madame English.

Sasa ndani ya Kiingereza kuna kitu kinaitwa phrasal verbs. Walimu wenzangu humu wanajua ninachosema.

"Look" ni kutazama. "Look after" ni kutunza. "Look for" ni kutafuta. Kitenzi ni kile kile, ila kikigusishwa kaneno kadogo kwa nyuma kinageuka kuwa mtu mwingine kabisa. Darasani naandika ubaoni, wanakariri, tunacheka, tunasonga mbele.

Sikuwahi kufikiri kwamba tunaweza kukaa msibani kwa sababu ya kaneno kadogo.

Twende polepole.

Kaka yangu mkubwa, nimwite Wilondja, yuko Amerika. Faili lake la kwenda lilianza zamani tukiwa kambini, mke wake wa kwanza akiwa hai. Yule mama akafariki, faili likaendelea kutembea kivyake. Wilondja akaoa tena, akamwoa Riziki, lakini Riziki hakuwa kwenye faili. Siku ya safari ilipofika, kaka akaondoka na binti yake wa kwanza, Sifa, na Riziki akarudi Baraka na watoto wawili wadogo kusubiri karatasi zake.

Anasubiri mpaka leo.

Sifa aliondoka mdogo. Sasa ni msichana wa sekondari, Kiswahili anakisikia kidogo, kukiandika hawezi. Akitaka kutuambia kitu ananiandikia mimi kwa Kiingereza, mimi nawatafsiria wengine. Ndivyo tulivyoishi, na ilikuwa inatosha.

Siku moja Sifa akapiga simu analia. Baba yake ameanguka kazini. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, ndani ya baridi, na alikuwa ameshalalamika kifua. Wamempeleka hospitali, wamemwekea mashine ya kupumulia. Hiyo niliielewa yote, haikuwa na utata. "He fell. They put him on a machine. He can't breathe by himself."

Nikamwambia Riziki. Alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini, akauliza kama ile mashine inauma. Nikasema sijui. Akaushika ungo tena.

Halafu rezo, mtandao wa simu, ikapotea.

Walioko Baraka wanajua. Barabara ya kutoka Uvira ilikuwa haipitiki vizuri, mafuta hayafiki, na mnara wa simu nao unakunywa mafuta kama gari. Ikawa tunapata rezo kidogo, inakatika, inarudi wakati umelala.

Wakuu, kusubiri habari ya mgonjwa bila rezo ni ugonjwa mwingine. Sikuweza kukaa. Nikiwa nyumbani naona rezo itakuwa sokoni. Nikifika sokoni naona itakuwa ufukweni. Darasani niliandika sentensi nusu ubaoni nikatoka nje kuinua simu juu, wanafunzi wananiangalia tu. Riziki naye alifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Akazianua zikiwa mbichi, akazifua tena.

Nyumba ikaanza kujaa watu. Hakuna aliyeitwa. Mtu anapita kusalimia, anakaa.

Kati yao alikuwepo binamu yetu Alimasi, mtoto wa shangazi. Amefanya kazi miaka mingi na wageni, anapanga magari na mizigo, na Kiingereza chake cha kazi ni kizuri. Ni mtu wa maana, asije mtu akamfikiria vibaya kwa yatakayofuata.

Mchana mmoja niko ufukweni, pale mashua za kwenda Ubwari zinapopakia watu na magunia ya muhogo. Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Sifa. Nauweka hapa kama ulivyokuwa, maana tumeusoma mpaka nimeukariri:

"Auntie they took him off the machine last night. He came to early this morning. He was asking after mama Riziki. I broke down. Will call when I can."

Nikajaribu kujibu. Rezo ikawa imekwenda.

Sasa soma wewe mwenyewe, mtu wa Kiswahili, jua linawaka.

Walimtoa kwenye mashine jana usiku.

Alikuja... asubuhi mapema. Alikuja wapi? To wapi? Mtu mwenye mashine mdomoni anakuja wapi?

Alikuwa anauliza baada ya mama Riziki. Baada yake nini? Na kwa nini "alikuwa"?

Halafu "I broke down". Mimi darasani "break down" nafundisha kwa gari. Gari limekufa njiani. Na sasa ni mtoto anasema hivyo juu yake mwenyewe.

Ule wa "asking after" nilikuja kuukumbuka nikiwa natembea, kwamba ni kuuliza habari za mtu, kumjulia hali. Nikashika hapo. Lakini angeweza kuwa aliuliza habari za mke wake kabla hajafa. Watu wengi hufanya hivyo.

Nilifika nyumbani nikiwa bado sijaamua niseme nini, na Riziki alishaniona usoni.

"Wifi, soma," akasema.

Nikasoma kwa Kiingereza, halafu nikaeleza kila kipande, kinavyoweza kuwa hivi na kinavyoweza kuwa vile. Alimasi akaniomba simu. Akausoma, akausoma tena. Akavua miwani.

"Balimutosha ku mashini," akasema.

Kwetu "kutosha" ni kutoa. Wote uani wakaelewa. Mama mmoja wa kanisa akaanza kulia, na mwingine akamfuata.

Nikamwambia Alimasi mtu anaweza kutolewa mashine kwa sababu amepona, anapumua mwenyewe. Akaniambia kwa upole, bila kiburi chochote, kwamba mama yake walimtoa mashine hivyo hivyo kule Bujumbura. Daktari aliwaita ndani, akatumia maneno haya haya, na walirudi naye kwa njia ya ziwa, kwenye sanduku.

Kwa Kiingereza alikuwa sahihi. Na mimi nilikuwa sahihi. Sentensi ile inabeba yote mawili, na aliyeiandika yuko ng'ambo ya bahari na simu haiingii.

Riziki akaja akasimama mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Madame, mi sipendi mambo ya mashini. Niambie neno moja tu. Bwana yangu iko muzima ao amekufa?"

Watu wote wakanigeukia. Nakiri hapo tamaa ilinishika. Ningesema "muzima" angepumua. Ningesema "amekufa" wangejua la kufanya, maana huku msiba una utaratibu, kila mtu anajua anakaa wapi na anafanya nini. Kilichokuwa kinawatesa ni kukaa katikati.

Nikasema, "Sijui, wifi."

Kuna mzee mmoja aliguna. Nikasikia mtu anasema taratibu kwamba tunalipia watoto wafundishwe na huyu. Sitamlaumu, hata mimi ningesema.

Alimasi akaondoka. Nilidhani amekwenda kutafuta rezo. Kumbe alikwenda kutafuta motari wa kupeleka habari Fizi-centre, kwa baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Kwetu huwezi kuanza kilio mkubwa hajui.

Asubuhi iliyofuata tukasikia kwamba Fizi wameshaanza kulia.

Riziki akajifunga kitenge, akaniambia tunapanda. Sababu zilikuwa mbili. Baba mdogo yuko kule, na watu walisema rezo ya kule juu inashika.

Tukapanda moto moja, yaani pikipiki, mimi katikati, Riziki nyuma. Njia ile inapanda milimani, mashimo na vumbi, na kwenye kila bariere, kizuizi cha askari, mnashuka, mnaonyesha karata zenu za utambulisho, mnaulizwa mnakwenda wapi. Motari wetu akawa anajibu kwamba tunakwenda kilioni. Kila akisema hivyo, nasikia mikono ya Riziki inanibana kiunoni.

Mimi kichwani nilikuwa nimebaki na maneno mawili. Came to. Came to. Came to.

Nikawa najiuliza. Sifa si mtoto wa kuandika ovyo, anaweka nukta zake. Kama angetaka kutaja mahali, angetaja. Aliandika "he came to", halafu akaendelea na asubuhi mapema, kama mtu ambaye ameshamaliza kusema jambo lake.

Hapo, kwenye mashimo, ndipo nikafikiria Kiswahili chetu wenyewe.

Sisi tunasema "kuhama Baraka" na "kuhamia Baraka". Ka-i kamoja tu. Mgeni asiyekajua atakupeleka upande usio wako, wewe unaingia mjini yeye anasema umetoka. Tunasema kitu "kinanuka" na kitu "kinanukia". Mkosee mama wa watu hapo, umwambie chakula chake kinanuka. "Kuamka" ni kutoka usingizini, "kumwamkia" mtu ni kumsalimu. Sisi vineno vyetu vidogo tunavificha tumboni mwa kitenzi, hatuvioni tena. Wazungu vyao wanavining'iniza nje kama mkia. Lakini kazi ni ile ile.

Kwa hiyo huenda ile "to" haikuwa njia ya kwenda mahali. Huenda ilikuwa imeingia kwenye kitenzi ikakigeuza. Amekuja... amejirudia? Amerudiwa na fahamu?

Nikageuza kichwa nikamwambia Riziki kwa nguvu, maana upepo ulikuwa mwingi, kwamba nadhani kaka ameamka.

Akaniambia sikioni, "Usinipe nadhani."

Basi nikabaki na nadhani yangu mpaka Fizi.

Kwa baba mdogo tulikuta viti vimepangwa. Wanawake walipomwona Riziki anashuka kwenye moto wakamjia kwa kilio, kama ilivyo desturi, na mmoja akanyoosha mkono kumfungua kitambaa cha kichwa, kama anavyofunguliwa mjane. Riziki akakishika kwa mikono yote miwili. Hakumsukuma yule mama, alikishika tu na kuinamisha kichwa, na wakawa wanavutana hivyo taratibu, wote wawili wanalia.

Mimi nikaenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Ni mtu mkali lakini anasikiliza. Nikapiga goti, nikamweleza ujumbe ulivyo. Nikamwomba asimamishe kilio mpaka nipate rezo.

Akaniuliza, "Mwanangu, Kingereza ulisoma ao hukusoma?"

"Nilisoma, baba mudogo."

"Sasa batu bako banalia. Nibambie nini? Mutu hawezi kulia nusu."

Nikamwambia awaambie kwamba Madame hajui. Asinifichie. Awaambie hajui, na anakwenda kuuliza.

Halafu akasimama, akainua fimbo yake, akawaambia wanawake wamwache mke wa mtoto wake akae kwenye kiti, si chini. Hiyo tu. Kwa watu wasioelewa, kukaa kwenye kiti si kitu. Kwa mwanamke ambaye wanataka kumfanya mjane, kiti ni kila kitu.

Nyuma ya shule kuna mwinuko ambao vijana wa Fizi husimama na simu zao. Nikapanda. Nilizima simu nikaiwasha. Nikatembea kushoto, nikatembea kulia, nikageukia upande wa ziwa. Vipande viwili vya rezo vikatokea, vikaondoka, vikarudi. Nikapiga.

Ikaita.

Nilikuwa nimejiapiza njiani kwamba sitauliza chochote chenye mkia. Hakuna off, hakuna out, hakuna to. Sifa alipopokea, sikumsalimia hata.

"Sifa, is he breathing?"

Sauti ilichelewa kidogo njiani.

"Yeah. On his own. Auntie, he came to. I told you."

Nilikaa chini kwenye majani.

Akaniuliza kwa nini nalia. Sikuweza kumweleza. Nikamwambia ampe baba yake simu, akasema koo lake bado lina kidonda kwa sababu ya ule mpira wa mashine, lakini akampa. Nikasikia mtu anavuta pumzi. Halafu sauti ya kaka yangu, imekwaruza kama ya mzee, ikanisalimia kwa Kibembe. Kisha akauliza, "Riziki iko wapi?"

Nilishuka ule mwinuko sijui kwa miguu ipi. Riziki alikuwa ameshatoka nje ya uwanja, hakuweza kukaa kwenye kile kiti, alikuwa anakuja. Tukakutana katikati ya njia. Nikampa simu, rezo bado imeshika.

Aliiweka sikioni, na mimi nikaanza kuogopa unités zitaisha. Nilidhani atalia, atamshukuru Mungu, atasema maneno makubwa.

Akamuuliza, "Huko banakupa nini ya kula?"

Sikusikia jibu. Nilimwona tu anatikisa kichwa, anasema hapana, hiyo si chakula ya mutu mugonjwa.

Kumwambia baba mdogo haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuwaambia waombolezaji, maana kumlilia mtu aliye hai si jambo dogo, wengine walitaka kuondoka haraka kabla halijawaandama. Baba mdogo akasema hakuna kuondoka. Akamwita mchungaji aombe, na wale wale waliolia wakaimba. Tulikula bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, pale pale kwenye viti vya msiba.

Alimasi alikuja jioni kutoka Baraka. Alikuwa ameshapata habari njiani. Hakuingia uani. Nilimkuta ameegemea moto yake, amevua miwani, anajifuta uso. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia.

Akaniambia, "Ndani ya ile message, mi nilisoma kifo ya mama yangu."

Hasira ikaisha. Tukasimama pale wawili.

Baadaye Sifa alinieleza kwamba "I broke down" maana yake alilia. Alilia kwa furaha, baba yake alipofungua macho. Niliposimulia yaliyotokea Fizi aliomba msamaha. Nikamwambia hakukosa kitu. Aliandika Kiingereza kizuri tu, kama wanavyoongea wenzake. Sisi ndio tulikisoma tukiwa na hofu, na hofu huchagua maana yake kabla yako.

Wilondja amepona, si sana. Mkono mmoja umebaki mzito na kwenye ule ubaridi wa nyama hatarudi. Karatasi za Riziki bado. Kila simu ikilia nyumbani bado tunashtuka wote, sitawadanganya kwamba tumetulia.

Nilichojifunza mimi ni hivi. Habari ya uhai na kifo usiipitishe kwenye sentensi moja ya lugha ya watu. Uliza tena, uliza kwa kitenzi kifupi: anapumua, anakula, anaongea. Na ukiwa wewe ndiye mwenye lugha kwenye familia, kuna siku neno la kweli pekee ulilonalo ni "sijui". Litakudhalilisha. Liseme hivyo hivyo.

Riziki siku hizi anakuja darasani, anakaa benchi la mbele na mtoto mmoja pembeni yake. Nilitaka kumwanzishia majina ya vitu, meza, kijiko, mlango. Akakataa. Anataka off, to, after, down. Aliniambia, "Hayo maneno makubwa nitayakuta kule. Mi nifundishe haya madogo, ni yenyewe yalitaka kunifungua kitambaa."

Wakuu, kwa wale mlio na ndugu wa mbali mnaoandikiana kwa lugha isiyo yenu: ujumbe gani uliwahi kuusoma vibaya, na nani aliulipia? Na walimu wa Kiingereza mliomo humu, hivi "came to" mnaifundishaje? Nasoma majibu yote, rezo ikiruhusu.